Nasaba ya Miti ya Topeni



Sisi watu wa Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, twaiita miti yote isimamayo katika tope la chumvi kwa jina moja: mikoko. Jina hilo lamtosha mtu atafutaye boriti au kuni. Lakini kwa mwenye kutaka kujua nani ni ndugu wa nani, halitoshi, nasi tumelijua hilo kwa kufedheheka.

Tuliwachukua wanafunzi wetu wa chuoni ufukweni wakati wa maji kupwa, tukawafundisha kuwa mchu na mlilana ni ndugu wa tumbo moja. Dalili tuliyoitoa ni mizizi. Miti yote miwili hutokeza topeni vijiti vilivyosimama wima, vya mchu vyembamba kama penseli, vya mlilana vinene zaidi, navyo ndivyo mti uvutiavyo pumzi. Kijana mmoja tuliyemsomesha zamani, naye sasa yuko sekondari, akatuambia kwa adabu, "Mwalimu, mizizi hudanganya. Tazama ua." Tulimkemea mbele ya wenziwe. Kisha tukaenda kusoma, tukaona kuwa waliokosea ni sisi.

Miti iliyo mbali kabisa kwa nasaba, ikikaa katika tope moja lisilo na hewa, hulazimika kupata hila moja ya kupumua. Ndiyo maana mizizi si ushahidi. Carl Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya ua, na mipango iliyochapishwa tangu mwaka 1998 hutegemea zaidi chembe za urithi. Kwa kipimo hicho mlilana umo katika ukoo mmoja na mhina na mkomamanga. Mhina huu huu ambao mama zetu hutwanga majani yake siku za Idi na harusi! Mkomafi nao, wenye tunda la mviringo na jina la Kilatini lenye kukumbusha komamanga, si jamaa wa mkomamanga hata kidogo. Ukoo wake ni wa mwarobaini. Mkoko wenyewe, mkandaa na msinzi ndio ndugu wa kweli, na mbegu zao huchipua zingali zikining'inia kwa mama.

Ama mchu, habari yake yatuhusu zaidi. Linnaeus aliiita jamii yake Avicennia, kwa heshima ya Ibn Sina, tabibu wetu mwenye kitabu cha Al-Qanun, aliyefariki mwaka 1037. Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, aliukuta mti huo Uarabuni, akauandika kwa kufuata jina lake la Kiarabu, shura. Yeye alifia Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1775. Hata wataalamu wameuhamisha mchu ukoo zaidi ya mara moja; zamani waliuweka pamoja na msaji.

Mzee mmoja alituuliza, mtoto wa Kiislamu atafaidi nini kwa haya? Tulimkumbusha aya ya 99 ya Suratul An'aam, itajayo mizeituni na mikomamanga, yenye kufanana na isiyofanana, kisha yatuamrisha kuyatazama matunda yake. Tumeamrishwa kutazama, nasi tulikisia. Na faida ya dunia ipo pia. Mikoko ya mlango wa Ruvuma imo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, lakini mahali palipokwisha kukatwa hupandwa upya kwa mikono ya vijana wetu. Mlilana hupenda ukingo wa bahari, mkandaa hupenda ndani zaidi. Asiyeitofautisha hupanda leo, na mwakani hukuta vijiti vikavu.

Tulimwomba radhi kijana yule mbele ya wale wale tuliomkemea mbele yao. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wetu. Yeye hakusema neno, ila alitualika twende ufukweni baada ya Magharibi tukalitazame ua la mlilana, ambalo hufunguka usiku na umri wake ni usiku mmoja tu. Tulikwenda na wanafunzi saba na taa moja. Lilikuwa wazi, nyuzi zake nyeupe nyingi mno kuhesabika, na popo alikuwa akilizunguka. Alfajiri, tulipotoka msikitini, tulipita tena pale. Nyuzi zote zilikuwa zimeanguka topeni, katikati ya vile vijiti vya mizizi.