Mnunuzi akiachiwa bei, aambiwe ukweli

Kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA),

Naandika kuhusu muziki ambao bei yake anaipanga msikilizaji mwenyewe. Siku hizi msanii anakutumia wimbo kwenye simu, na chini yake anaweka namba: tuma ulichojaliwa. Utaratibu huu naupenda, na ndiyo maana nataka uwe wa haki.

Tarehe 10 Oktoba 2007 bendi ya Radiohead ya Uingereza iliweka albamu yake, In Rainbows, kwenye tovuti na kumwachia mnunuzi aandike bei anayotaka. Wengi waliandika sifuri. Hawakuiba, kwa kuwa ruhusa ilitoka kwa wenye kazi. Mtu asiye na kitu akichukua wimbo bure kwa ruhusa hiyo, simlaumu. Ninayemlaumu ni mwenye baa anayeupakua kwa sifuri, akaupiga usiku kucha kuvutia wateja, kisha akidaiwa leseni anajitetea kwamba mwenye wimbo alisema lipa upendavyo. Alichoruhusiwa ni kusikiliza, si kufanyia biashara. Naomba mliseme hili waziwazi, kwa Kiswahili cha mtaani.

Lakini uaminifu si wa mnunuzi peke yake. Sisi watu wa pwani tumezoea kupanga bei wenyewe: kwenye taarabu tunatunza. Mama anainuka kitini, anakwenda kwa madaha huku akipunga noti kufuata mdundo, anamfikia mwimbaji na kumkabidhi mbele ya ukumbi mzima. Ametoa alichotaka, baada ya kuguswa. Nyuma ya mwimbaji yupo mpiga fidla. Mkono mmoja uko kwenye nyuzi, mwingine umeshika upinde. Hata angetunzwa, hana mkono wa kupokelea. Vipo vikundi ambavyo tunzo zote huingia kapuni zikagawanywa, na vipo ambavyo aliyepokea ndiye mwenyewe. Mama yule haambiwi. Pengine angejua, angetoa zaidi, au angemfuata mpiga fidla baada ya onyesho.

Kwenye simu giza ni nene zaidi, maana hata uso wa anayepokea huuoni. Namba inaweza kuwa ya msanii, ya meneja, au ya mtu aliyeunyakua wimbo na kuubandika namba yake. Mtandao wa Bandcamp, ambako msanii anaweza kumwachia mnunuzi bei, umetangaza kwamba kwa kawaida hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali. Unaweza kuona ni nyingi, ila umeambiwa kabla ya kutoa pesa. Kwetu tunaombwa ukarimu bila kuambiwa unaishia mfukoni mwa nani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyowaanzisha, inamtambua mpigaji pamoja na mtunzi. Basi toeni mwongozo mfupi: kila anayekusanya pesa za hiari kwa ajili ya muziki aeleze namba ni ya nani, makato ni kiasi gani, na wapigaji wanapata fungu gani. Iwe mistari mitatu chini ya wimbo, au karatasi moja mlangoni mwa ukumbi. Anzeni na vikundi vilivyokwisha kusajili kazi zao kwenu, na mtupe wanunuzi namba ya kupigia tunapoona wimbo wa mtu umebandikwa namba isiyo yake.

Wenu,
Mnunuzi wa muziki, Tanga