Kazi Pungufu kwa Bei Kamili

Msomaji, ukimpelekea fundi cherehani kitambaa pamoja na fedha, naye akakupa shati lenye mkono mmoja, hutamshukuru. Akikwambia ulivae hivyo hivyo, na kuwa mkono wa pili utafuata baada ya miezi mitatu, utamdhani mwenda wazimu au laghai. Lakini katika biashara ya michezo ya video jambo hili hutendwa mchana kweupe, na mtendaji wake huhesabiwa kuwa mfanyabiashara hodari. Nakusudia kuonyesha kuwa sifa hiyo si haki yake, na kuwa wewe, unayecheza leo na utakayenunua kesho, una neno la kusema katika shauri hili.

Kwanza tutoe haki kwa anayestahili. Mchezo wa video ni programu, na programu ni amri nyingi ambazo mtu huziandika ili kompyuta izitii. Hakuna fundi, hata angekuwa bingwa wa mabingwa, awezaye kuandika amri malaki kwa malaki bila ya kukosea. Kosa dogo lililojificha ni sehemu ya ubinadamu, nasi husameheana. Ninalolipinga ni jingine. Napinga kazi ambayo haijaiva kupelekwa sokoni kwa kuwa siku ya kuuza imefika, ikatakiwa bei ya kazi iliyoiva, na mnunuzi asiambiwe ila zake.

Chukua mfano wa mchezo uitwao Cyberpunk 2077, uliotungwa na CD Projekt Red, kampuni ya Poland. Ulitangazwa mwaka 2012. Ulipangiwa kutoka Aprili 2020, ukaahirishwa hadi Septemba, kisha Novemba, kisha 10 Desemba. Kabla ya siku hiyo nakala kiasi cha milioni 8 zilikuwa zimekwisha kuagizwa. Wahakiki walipewa mapema mchezo wa kompyuta tu. Ule wa PlayStation 4 na Xbox One, mashine ambazo mamilioni ya watu walikuwa nazo nyumbani, hawakupewa kwa wakati. Siku ilipowadia, wenye mashine hizo waliona ajabu: picha zilikuwa na ukungu, mwendo ulikwama kwama, na mara kwa mara mchezo ulizimika katikati. Kiasi cha wiki moja baadaye Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni, ikaahidi kuwarudishia wanunuzi fedha zao. Haukurudi dukani humo mpaka Juni 2021.

Nani wa kulaumiwa? Wako wachezaji wanaokimbilia kuwatukana waandishi wa programu, na wengine huthubutu hata kutishia maisha yao. Huo ni uonevu. Katika miezi ya mwisho waandishi hao walitakiwa kufanya kazi siku 6 kwa wiki, na mtu aliyechoka hukosea zaidi. Siku ya kuuza haikuwekwa nao. Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alikiri hadharani kuwa uamuzi wa kuutoa mchezo ulikuwa wake na wa wakurugenzi wenzake, akaomba mafundi wasilaumiwe. Alisema vile vile kuwa majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya hitilafu zile. Maungamo hayo yana heshima yake, lakini yalikuja baada ya fedha kupokewa. Kufikia 20 Desemba 2020 nakala zaidi ya milioni 13 zilikuwa zimeuzwa. Toba inayotanguliwa na faida lazima ipimwe kwa mizani kali.

Watetezi watasema kuwa mchezo ulitengenezwa hatimaye. Ni kweli. Kampuni haikuukimbia mzigo wake; iliendelea kurekebisha, na sasisho kubwa la Septemba 2023 lilipata sifa nyingi. Lakini aliyelipa Desemba 2020 hakununua mchezo wa 2023. Aliikopesha kampuni fedha zake bila ya kujua kuwa anakopesha, wala hakupewa riba. Kulipa deni ni wema. Kumkopa mtu bila ya ridhaa yake si wema.

Haraka hii si ngeni. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilimpa fundi mmoja, Howard Scott Warshaw, kiasi cha wiki 5 kutunga mchezo wa E.T., ili uwahi Krismasi. Wanunuzi waliukinai, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa za kampuni hiyo, pamoja na nakala za mchezo huo, ilifukiwa jalalani Alamogordo, Marekani. Baadhi yake zikafukuliwa mwaka 2014. Zamani hizo mchezo uliouzwa haukuweza kubadilishwa tena, kwa hiyo pupa ilimwadhibu muuzaji mwenyewe. Leo intaneti inamwezesha kurekebisha kazi yake hata baada ya kuuza. Uwezo huu ulikuwa neema kwa kosa lisilotazamiwa. Umegeuzwa kuwa ruhusa ya kuuza nusu kazi. Na mchezaji wa Kenya hununua data ili apakue kila sasisho, hivyo hulipa mara ya pili kwa kosa la mtu mwingine.

Usidanganyike na usemi kwamba huu ni mchezo tu. Fedha iliyotolewa si mchezo. Imetoka katika jasho la mzazi au akiba ya miezi. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika, na haki ya fidia kwa hasara inayoletwa na kasoro. Kifungu hicho hakikusema kuwa mchezo ni nje ya sheria.

Basi nini la kufanya? Usilipe kabla ya kuona. Ngoja siku chache, usikie waliocheza kwa mashine kama yako wanasema nini. Kikiharibika, dai fedha yako kwa adabu na kwa maandishi, wala usimtukane fundi ambaye hakuipanga siku. Na wewe utakayekuwa mwandishi wa programu au mkurugenzi, kumbuka hasira uliyoipata ulipokuwa mnunuzi. Soko hujifunza kwa yale linayolipwa kuyatenda. Madhali tunalipa bei kamili kwa kazi pungufu, tutaletewa kazi pungufu. Siku tutakapofunga mkoba, siku hiyo kazi itakamilishwa kwanza.