Saa ya Kurudi ni ya Nahodha

Miongoni mwa starehe ambazo sisi watu wa Kondoa tumezizoea, tangu barabara ya lami ilipotukaribisha na Dodoma, na reli ya kisasa ikaikaribisha Dodoma na Dar es Salaam, ni kuwachukua ahali zetu wakati wa likizo kwenda kuiona bahari, na huko kukodi boti ya mtu binafsi ili kushinda katika kisiwa cha Bongoyo au Mbudya. Starehe hiyo ni halali, na visiwa hivyo, vilivyofanywa hifadhi za bahari mwaka 1975, vyastahili kutazamwa. Hoja yangu ni moja tu, nayo ni nani mwenye amri juu ya saa ya kurudi.

Aghalabu mwamuzi huwa ni yule aliyelipa. Nahodha husema tuondoke saa tisa. Lakini samaki bado wako motoni, watoto wangali majini, na mzee mmoja amelala chini ya banda. Basi nahodha, ambaye ujira wake wa kesho unategemea ridhaa ya leo, hunyamaza. Mtu yule yule asiyethubutu kumwambia dereva wa basi la Dodoma angoje mpaka amalize chai, akipanda boti ya kukodi hujiona sultani.

Na likizo yetu ya Juni, kwa bahati mbaya, huangukia katika majira ya kusi, upepo utokao kusini. Bongoyo iko kaskazini ya rasi ya Msasani; kwa hiyo boti iliyokwenda asubuhi upepo ukiisukuma kwa nyuma hurudi alasiri ikiukabili, nao umekwisha kuzidi nguvu, na mawimbi ambayo abiria hawakuyatambua wakati wa kwenda sasa yanapiga omo na kuwalowesha watoto. Tena siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na mwamba uliovukwa salama maji yakiwa yamejaa huenda saa chache baadaye ukawa karibu na uso wa maji. Hayo nahodha huyajua. Mgeni wake huyasikia kama visingizio. Ajabu ni kwamba kwetu maarifa ya namna hii tunayaheshimu: korongo lililokuwa mchanga mkavu asubuhi hufurika jioni kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, na hakuna tajiri awezaye kumwamuru mwenyeji amvushe.

Wazee wa pwani hawakuwa na shaka katika jambo hili. Majahazi ya Arabuni yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mfanyabiashara aliyekawia kukusanya madeni yake aliachwa kungoja msimu mwingine, hata awe na mali kiasi gani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye aliondoka kuelekea Dhofar kwa rehema ya upepo huo huo.

Watu watasema njia ni fupi, na ufuko unaonekana. Lakini tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara katika Ziwa Victoria, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, wakafa watu zaidi ya 220. Kile kilikuwa chombo cha serikali, na balaa lake lilikuwa kupakia kupita kiasi, wala si kuchelewa. Nakitaja kwa kuwa kinabatilisha udhuru wa ufuko kuonekana, na kwa kuwa hata idadi ya waliokuwamo haikujulikana kwa yakini. Boti ya kukodi, isiyo na tiketi, ina hifadhi gani zaidi?

TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hukagua vyombo na jaketi okozi, na hilo ni jema. Napendekeza leseni iongeze sharti: saa ya kurudi itajwe kabla ya fedha kupokewa, nahodha awe na haki ya kuiwahisha, na aliyekodi asiwe na haki ya kuichelewesha, na majina ya abiria yaachwe pwani kwa mtu aliyeambiwa lini awatazamie. Sharti hilo liwe la wote, kwa sababu nahodha mmoja akishika saa yake peke yake, wateja watamhama waende kwa jirani yake atakayewangoja mpaka jua kuchwa.