Mwendo Wetu, Sauti ya Nani?

Abiria yeyote aliyezoea matatu nambari 237 ya Thika, au 145 ya Ruiru, anaifahamu lugha ya utingo. Akigonga bodi la gari mara moja, dereva husimama. Akigonga mara mbili, safari huendelea. Hapana neno lililotamkwa, na hata hivyo hakuna anayekosa kuelewa. Kwetu sisi wanaisimu, huo ni mfumo wa ishara uliokamilika. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kuwa uhusiano kati ya ishara na maana ni wa nasibu, nao hudumu kwa maafikiano ya jamii. Mgongo mmoja ungeweza kabisa kuwa na maana ya "twende", lau watingo na madereva wangekubaliana hivyo.

Mfano huu ulinijia akilini hivi majuzi mjini Ruiru. Kijana mmoja jirani yangu, anayesomea mambo ya umeme katika chuo cha ufundi huko Thika, alikuwa uani amejifunga simu kuukuu kwenye kifundo cha mguu kwa kipande cha kitambaa. Kila alipokanyaga chini, spika iliyokuwa juu ya kiti ilitoa mlio wa ngoma. Alipoitikisa simu ya pili mkononi, ukasikika mlio kama wa kayamba. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akatazama kwa makini, kisha akauliza: "Sasa kijana, wewe unacheza au unapiga?"

Kijana hakuwa na jibu, nami nikarudi nyumbani na swali lile.

Uchawi haumo. Ndani ya simu nyingi za siku hizi mna kihisi kidogo kinachopima jinsi simu inavyosukumwa katika pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Programu huvisoma vipimo hivyo mara nyingi katika kila sekunde na kuvigeuza kuwa amri: mtikiso wa nguvu kadha utoe mlio kadha. Wala wazo lenyewe si geni. Mnamo 1920 hivi, Mrusi Leon Theremin aliunda ala inayopigwa kwa kupunga mikono hewani bila kuigusa. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ilipouza mchezo wa Wii, wanamuziki hawakukawia kukitwaa kidhibiti chake cha mkononi na kukifanya ala. Mwaka 2016 shirika la BBC liliwagawia wanafunzi wapatao milioni moja wa Uingereza kadi ndogo iitwayo micro:bit, yenye kihisi cha aina iyo hiyo.

Walakini, kabla ya kuduwazwa na ya wenzetu, tukumbuke ya kwetu. Njuga za mguuni ni nini ikiwa si chombo cha kugeuza mwendo kuwa sauti? Kayamba ya Wamijikenda, matete yaliyoshonwa pamoja na kutiwa mbegu, hufanya kazi iyo hiyo. Wakikuyu nao walikuwa na gicandi, kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje, ambacho washairi walikitikisa huku wakijibizana kwa mafumbo. Ni mcheza gicandi huyo aliyefanywa msimulizi na Ngugi wa Thiong'o katika riwaya yake ya Kikuyu ya mwaka 1980, *Caitaani Mutharaba-ini*. Kiswahili kwa upande wake kina neno "ngoma", ambalo ni ala, ni muziki na ni uchezaji kwa pamoja. Swali la mzee yule, basi, lugha yetu ilikwisha kulijibu zamani.

Ipo hata hivyo tofauti moja kubwa. Katika kayamba, mbegu husafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, na muda huo wa safari mpigaji huuzoea, akaanza mwendo wake mapema kidogo ili sauti ianguke mahali pake. Sauti hutokana na mbegu na matete yenyewe. Katika simu, mwendo na sauti havina undugu wowote wa asili. Kukanyaga kunaweza kuleta ngoma, zumari au mlio wa paka. Lazima pawe na mtu aliyeketi mahali fulani akaamua. Huyo ndiye anayetunga lugha, na sisi wengine tunajifunza kuizungumza.

Kijana yule alikuwa ameichukua programu yake kwenye mtandao, ikiwa imetengenezwa ng'ambo. Alitaka kucheza chakacha, ambayo alijifunza alipokuwa katika kikundi cha shule cha tamasha la muziki. Chakacha huenda kwa mapigo sita. Programu ile iliwekwa kwa mapigo manne yaliyogawanywa sawasawa, na kila kishindo kilichoanguka katikati ya mistari yake kilizuiliwa hadi mstari uliofuata. Aliyepiga sawa alisikika amekosea. Alihangaika kwa muda wa nusu saa hivi, na mwishowe nikaona alichofanya: alibadili hatua zake. Mguu uliojua chakacha ukajifunza kutembea kwa mapigo ya programu.

Wanaoandika kwa Kikuyu wamekwisha kupitia njia hii. Taipureta zilizoletwa hapa hazikuwa na herufi ĩ na ũ, ambazo ni irabu kamili katika lugha hiyo. Wengi wakaandika i na u, na msomaji akaachiwa kazi ya kubahatisha. Hakuna serikali iliyotoa amri hiyo. Ilitosha kuwa aliyeunda mashine hakuwa na habari nasi. Magazeti yetu bado huandika "Kikuyu" na "gicandi" kwa herufi pungufu, kama nilivyofanya hapa. Iwapo mashine iliweza kuzifuta irabu za watu wazima wanaoijua lugha yao, itazifanyaje hatua za mtoto ambaye ndio kwanza anajifunza kucheza?

Wapo watakaosema kuwa shule zisizo na madawati hazina haja ya simu za kuchezea. Hoja hiyo ina uzito, ila nashangaa haitajwi mzazi anapoagizwa kununua filimbi ya plastiki kwa ajili ya mtaala mpya ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka inapatikana katika nyumba nyingi, nayo kihisi chake huenda bado kizima. Wengine watadai kuwa vifaa hivi vitaua ala za jadi. Gicandi ilinyamaza bila kusaidiwa na simu. Kinyume chake, kodiani ilipotoka Ulaya, wazee wetu waliitia katika mwomboko pamoja na karing'aring'a, na leo hakuna anayeiona mgeni pale. Waliweza kwa sababu waliipiga kwa namna yao.

Kauli yangu ni kuwa mwalimu wa muziki na mwalimu wa tarakilishi wakae meza moja. Mwanafunzi acheze kwanza, kisha yeye mwenyewe aandike kanuni ya hatua ipi izae sauti gani, na mapigo yawe mangapi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lingeweza kutenga kitengo kimoja cha ala za namna hii zilizobuniwa na wanafunzi. Uwezo tunao. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, ni miongoni mwa vyuo viwili vilivyounganisha vishikwambi vya shule za msingi katika mradi wa serikali ulioanza mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa, kina idara inayoshughulikia muziki na uchezaji kwa pamoja. Kati ya wahandisi wale na wanamuziki hawa pana barabara moja tu, nayo ilipanuliwa zamani.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kijana yule uani tena. Ameiacha programu ya watu na anajaribu kuandika yake, yenye mapigo sita. Bado haijakaa sawa. Mguu unatangulia, sauti inafuata kwa kuchelewa. Nilimuuliza kwa nini hakutosheka na ile ya kwanza iliyokuwa tayari. Alisema kuwa ile haikumsikiliza.