Mawimbi ya Chaji, Usumaku na Mtihani wa Kiswahili

Ni jambo lisilopingika kuwa Kiswahili kimepiga hatua kubwa. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ikakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hata hivyo, wapo wasomi, baadhi yao walimu wa Kiswahili wenyewe, wanaoshikilia kuwa lugha hii hukomea mlangoni mwa maabara. Dai hilo lafaa kupimwa kwa mfano mgumu. Mfano huo na uwe uhusiano baina ya mawimbi ya msongamano wa chaji na usumaku katika kampaundi za elementi za ardhi adimu. Elementi hizo si ngeni kwetu Afrika Mashariki: zimo katika miamba ya Mrima, kilima chenye msitu wa kaya huko Kwale.

Katika metali ya kawaida, elektroni zinazobeba umeme huenea sawasawa. Lakini baadhi ya metali zinapopozwa, elektroni husongamana mahali na kupungua mahali, kwa mpangilio unaojirudia, nazo atomu husogea kidogo kuufuata mpangilio huo. Hilo ndilo wimbi la msongamano wa chaji. Ni wimbi lililotulia, mithili ya matuta ya shamba. Kwa kuwa sehemu ya elektroni hunaswa humo, ukinzani wa umeme huongezeka.

Chukua kampaundi ya samari, nikeli na kaboni. Wimbi hilo huanza kuumbika katika kelvini 148, yaani takriban nyuzi 125 za Selsiasi chini ya sufuri. Wakati huo kila atomu ya samari ni sumaku ndogo inayoelekea kokote. Halijoto ishukapo hadi kelvini 17.7, sumaku hizo zote huelekea upande mmoja. Papo hapo wimbi huvunjika, na ukinzani hushuka kwa ghafla. Watafiti wa Japani walilithibitisha jambo hilo kwa eksirei mwaka 2009. Wahenga walikwisha kunena: fahali wawili hawakai zizi moja.

Je, methali hiyo yatosha? La hasha. Badala ya samari, weka neodimi. Wimbi huanza kwenye kelvini zipatazo 121. Kwenye kelvini 17 hivi, sumaku nazo hujipanga, ila safari hii kwa kupingana, hii ikielekea huku na nyingine kule. Wimbi hudhoofika lakini halitoweki. Fahali wawili wanakaa zizi moja! Kinachoamua, basi, si kuwapo kwa usumaku tu, bali namna sumaku hizo zinavyopangika.

Hapa ndipo penye funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Methali humfungulia msomaji mlango, lakini isiposahihishwa humpotosha. Istilahi nazo, zikiorodheshwa tu, hubaki kama vyombo vilivyofungiwa kabatini. Sayansi huingia katika lugha kwa sentensi: kwa neno “kwa sababu”, kwa “ila”, kwa “iwapo”. Viungo hivyo Kiswahili kinavyo tele. Kinachopungua ni waandishi.

Kosa la wapenzi wengi wa lugha limekuwa kudhani kwamba kazi huisha istilahi inapoundwa. Aghalabu makongamano hubishania neno moja kwa saa nzima, na neno hilo lisitumiwe tena katika aya hata moja. Vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kubadili mwendo huo. Mwanafunzi wa Kiswahili na aketi na mwenzake wa fizikia, waandike pamoja, kisha maandishi yao yasomwe, yakosolewe na kuandikwa upya. Lugha isiyotumiwa kueleza jambo gumu haitapata kamwe wepesi wa kulieleza.