Ngoma Inalipwa na Nani?

Kila mara mkubwa fulani anashuka ku uwanja wa ndege wa Luano, mambo ni yale yale. Vikundi vya ngoma vimesimama kwenye jua toka asubuhi, wamevaa rafia na ngozi, wamepaka pemba usoni. Mkubwa anachelewa saa tatu. Halafu anatokea, ngoma inalia dakika mbili, anapunga mkono, anaingia mu gari ya vioo vyeusi, na yule mama aliyepiga magoti anajiinua mwenyewe. Jioni televizyo inatangaza kwamba utamaduni wa Haut-Katanga umeonyeshwa. Sisi wa Makomeno, tunaoandika kurasa hizi, tunasema hapana. Kilichoonyeshwa pale ni ukubwa wa mkubwa. Wachezaji walipewa chupa ya maji na feza ya kupanda gari, na hiyo feza yenyewe si wote walioipata.

Tusielewane vibaya, juu kuna wazee watakaosoma hapa. Hatutukani ngoma za mababu. Baluba, Balunda, Basanga, Bayeke, Balamba, kila mmoja anazo ngoma zake, na kila ngoma ilikuwa na saa yake: hii ya kumsimika mfalme, hii ya kilio, hii ya kupokea mapacha. Hakuna mzee mwenye akili aliyepiga ngoma ya mapacha siku ambayo hakuna mapacha. Kuichukua ngoma ile na kuisimamisha pembeni ya ndege, mtu akishuka na mkoba wake, ndiyo kuidharau. Na wanaofanya vile njo wale wale wanatuambia sisi vijana wa mji kwamba hatuna utamaduni.

Desturi hii haikutoka kwa mababu. Walio na miaka zaidi ya hamsini wanakumbuka vizuri. Ni mambo ya miaka ya 1970, wakati wa Mobutu na chama chake MPR, kile kilichoitwa “animation”. Wanafunzi na watumishi wa ofisi walipangwa mistari, wakavalishwa vitambaa vyenye picha ya Rais, wakaimba sifa zake kwa sauti ya nyimbo za kijijini. Nyimbo za wazee ziliachiwa sauti, maneno yakatolewa ndani, sawa vile mtu anakunywa yai akakurudishia ganda. Mobutu alianguka mwaka 1997. Ganda tungali tunalichezea.

Sasa tuulize: utamaduni wa mji huu ni nini? Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Mji wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja hauwezi kusema kila kitu chake kilitoka mukini. Watu walikuja kwa kazi ya shaba na ya reli, kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Rwanda na Burundi, wakakutana mu makambi, na kule mu makambi walitengeneza vitu ambavyo hakuna kabila moja linaweza kusema ni vyake peke yake. Mbeni, kwa mfano. Watu walivaa kama maofisa, wakajipa vyeo vya mfalme na gavana na daktari, wakaandamana kwa hatua za asikari, na mzungu aliyetazama hakujua kama anaheshimiwa ao anachekwa. Sisi tunajua. Yale ni teatri, na yalichezwa hapa zamani sana, mbele hata mtu hajajenga jumba la teatri.

Halafu gita. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gita njiani ku Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi, na vidole vile vikajulikana mpaka Nairobi na mbali zaidi. Mwenda aliimba Kiswahili. Edouard Masengo pia aliimba Kiswahili, na alitoka mu kikundi cha JECOKE, vijana wachekeshaji wa komini ya Kenya, ambao walichanganya wimbo, dansi na kichekesho usiku mmoja. Tunaomba mtu atuambie kwa nini JECOKE si “utamaduni” na rafia ni “utamaduni”. Tangu miaka mingi tunauliza, bado tunangoja jibu.

Tuje kwa Mufwankolo, juu hapa njo roho ya maneno yetu. Kuna nyumba gani ya Lubumbashi ambamo wazazi hawakucheka na Mufwankolo ku redio na ku televizyo? Alichukua mambo ya lupango: mke anayeficha feza ya chakula, mume anayerudi usiku na uongo mkubwa mdomoni, shangazi anayefika na mizigo yake bila kusema ataondoka lini. Alisema Kiswahili chetu, kile tunachosemea sokoni, si kile cha vitabu. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwaletea wachezaji wale neno moja alilolisikia mezani, wakati wa kula kuku. Alitaka kuigawa firigisi, akaambiwa kwamba firigisi haigawanywi, na kwamba hata utawala unaliwa mzima. Aliwauliza: maana yake nini? Hawakumjibu kwa hotuba. Walikaa, wakabishana, wakatengeneza mchezo mzima juu ya neno hilo, wakauweka kijijini kwa mfalme na watu wake, ukachukuliwa na televizyo. Ilikuwa 1986, Mobutu bado anakula firigisi yake. Hakuna aliyetaja jina. Kulikuwa na lazima ya kutaja?

Hakuna script. Hakuna aliyeandika maneno na kuyakariri. Kila mchezaji alijua njia, na maneno aliyapata pale pale mbele ya watu. Kwa hiyo watazamaji nao walikuwa ndani ya kazi: wakicheka, mchezo unakwenda huku, wakinyamaza, unageuka kule. Mtu akitwambia kwamba kule kujibizana si mila sawa na hadithi za bibi kando ya moto, tutamwambia kwamba hakuwahi kumsikiliza bibi.

Na matablo. Miaka ya 1970 mfanyakazi wa Gécamines ao wa reli alikuwa na tablo mu salo yake. Mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye kutajirisha na kuua. Ao “Colonie belge”: mufungwa amelazwa, polisi anampiga fimbo, mzungu anatazama na bomba lake mdomoni. Tablo ile ilichorwa na fundi wa kartie ku kitambaa cha mfuko wa unga, ikanunuliwa kwa bei ambayo mfanyakazi anaiweza, na wageni walipoketi, mazungumzo yalianzia pale. Baba aliwaambia watoto mambo ya fimbo bila kufungua kitabu. Tshibumba Kanda-Matulu alikwenda mbele zaidi: kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, matablo zaidi ya mia, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili cha hapa. Mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba alipotea, na hakuna aliyemwona tena. Matablo yale ya historia yako Amsterdam, mu muze iliyoitwa zamani Tropenmuseum. Hatuwalaumu waliohifadhi, pengine hapa yangeliwa na mchwa. Lakini leo mtoto wa Makomeno anayetaka kuona historia iliyochorwa kwa mikono ya mji wake anaombwa viza.

Ukitazama vitu vyote hivi, swali moja linarudi: nani alilipa? Tablo ya salo ililipwa na mwenye salo. Karindula inalipwa vilevile. Wale vijana wenye banjo kubwa ya pipa la mafuta, limefunikwa na ngozi ya mbuzi, wanapiga wimbo mmoja hata dakika ishirini, na watu wanakuja mmoja mmoja kuwabandika noti kwenye paji la uso. Ukiacha kupendeza, noti zinakoma. Ulimwengu wa nje uliwasikia mwaka 2011, Crammed Discs walipotoa karindula iliyorekodiwa hapa hapa Lubumbashi, lakini hawakungoja mwaka huo ili wale. Na anayelipa njo anayeimbiwa. Watu wa kartie wakilipa, msanii anaimba mambo ya kartie, hata ya mkubwa anayeuza viwanja mara mbili. Mkubwa akilipa, utasikia jina lake mara arobaini mu wimbo mmoja, pamoja na majina ya watoto wake walioko Ulaya. Siku hizi tuko mu hii ya pili, na tunashangaa vijana hawataki kusikiliza.

Tazameni jumba la teatri lenyewe. Lilijengwa miaka ya 1950, zuri, la kuona haya kwa miji mingine. Leo tunaliita Bâtiment du 30 juin, na ndani yake wanakaa wabunge wa jimbo. Ile jukwaa ilitengenezwa kwa wachekeshaji, ikapata wachekeshaji wa namna nyingine, wanaolipwa vizuri zaidi. Hatuombi waondolewe kesho. Tunasema paka hivi: mji uliompa mbunge kiti cha Mufwankolo usiseme kwamba teatri ilikufa yenyewe.

Kuna mahali pengine, kweli. Kuna Halle de l'Étoile ya Wafaransa, kuna muze ya taifa. Kuna Picha, iliyoanzishwa na wasanii wa hapa, akiwemo Sammy Baloji, na biennale yao ambayo toka 2008 imeleta mbele yetu picha ambazo hatukuzitegemea. Ile ya 2022 ilisema juu ya sumu ya mji wetu wa migodi, jambo ambalo kila mama anayefua nguo nyeupe Lubumbashi analijua. Toka Makomeno mpaka kule si safari. Lakini waulize majirani kwa nini hawaendi. “Hatukualikwa.” Nani aliwaalika kwenye mpira wa Mazembe? Nani anangoja barua ili aende ku kilio? Watu wameshikwa na wazo kwamba sanaa ni ya wenye kiti chenye jina, na wenye kusema Kifaransa bila kukwaa. Hapa na waandaaji nao wasikilize: ukitangaza mchezo kwa Kifaransa, ukaucheza kwa Kifaransa, ukamaliza kwa kokteli, basi umeshachagua watu wako. Mwaka 1965 maboyi wa zamani wa mji huu walitengeneza historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao, bila kuomba ruhusa kwa profesa. Kiswahili kile kile kinatosha kwa jukwaa.

Basi tunasema hivi kwa watu wa Makomeno, na tunasema mbele ya Septemba. Baridi ya Juni na Julai imekwisha, jakaranda zinaanza kumwaga maua yao ya zambarau, usiku mtu anaweza kukaa nje na shati moja, na mvua bado iko mbali. Ni wakati wetu wa kukaa kiwanjani. Ikifika Novemba matope yataamua kwa niaba yetu. Wengine watasema Septemba ni mwezi wa shule: uniformu, madaftari, minerval, feza iko wapi? Ni kweli, Septemba inabana. Lakini Jumamosi hiyo hiyo ya Septemba kabare hazikosi watu, na bia moja inapita bei ya tiketi tunayoisema. Wengine watasema umeme utakatika. Utakatika, ndiyo. Karindula haina waya, na Mufwankolo hakuhitaji maikro ili mama wa nyuma acheke.

Tunataka Jumamosi nne. Lupango moja kubwa, viti vya kilio vya kuazima, tiketi moja ya bei ndogo kwa wote, watoto bure. Jumamosi moja mchezo wa Kiswahili usioandikwa. Jumamosi moja karindula. Moja gita ya zamani, na wazee waulizwe majina ya nyimbo kabla hawajatutoka. Na moja ya matablo: kila nyumba ambayo bado ina tablo nyuma ya kabati ilete, itundikwe ku ukuta, mwenyewe aeleze iliingiaje nyumbani. Wachoraji vijana wa kartie watundike zao pembeni, na bei iandikwe chini. Feza ya mlango itahesabiwa pale pale mbele ya watu, na wachezaji wataondoka na sehemu yao mikononi usiku ule ule.

Mkubwa akitaka kuja, karibu sana. Atalipa tiketi kama wengine, atakaa mahali atakapokuta kiti, na hotuba hakuna. Kama amechelewa, mchezo utakuwa umekwisha kuanza, na pengine atakuta wanamcheza yeye.