TENDA ZA KAUNTI NA AKILI ZA MAFUNDI



Wengi wadhani tenda ni habari ya matajiri, si yetu sisi tunaoshika nyundo. Wamekosea. Kaunti ya Uasin Gishu hununua vitu vingi, na namna inunuavyo ndiyo inayoamua kama fundi wa Kimumu atatumia akili yake au mikono tu.

Shule za chekechea ziko chini ya kaunti. Basi katika karakana yetu tuliunda kiti cha watoto ambacho miguu yake haikuchomelewa, imefungwa kwa nati na bolti. Mguu ukivunjika, mwalimu achukua spana, abadili mguu mmoja, mtoto akae. (Viti vya kuchomelewa vikivunjika hurundikwa nyuma ya darasa. Kila mzazi ameviona.) Tulikipeleka kwa ofisi moja ya umma, sitaitaja jina. Tukaambiwa karatasi ya tenda yataka kiti cha chapa fulani, cha kuchomelewa. Tukarudi nacho juu ya mkokoteni. Kijana aliyebuni ile bolti sasa aendesha bodaboda.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 60, yataka tenda ieleze kitu kwa uwazi na kwa namna inayoruhusu ushindani wa haki. Tena yakataza kutaja chapa au mtengenezaji, ila pale ambapo hapana njia nyingine ya kueleza. Maana yake, wangeandika tu: kiti cha mtoto, kidumu miaka kadhaa, kitengenezeke shuleni. Hapo kila fundi angeleta akili yake.

Sheria hiyo pia yatenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Siipingi. Lakini mtu akipata tenda hiyo akanunua viti vilivyotoka ng'ambo na kuvipeleka shuleni, fundi amefaidi nini? Na malipo yakichelewa, mwenye ghala aweza kungoja. Sisi tuliokopa chuma hatuwezi.

Eldoret ilipewa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji litataka mapipa ya taka, taa, meza za soko. Naomba chama kipeleke wajumbe kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, wakiwa na kifungu cha 60 mkononi. Kiti chetu bado kipo karakana. Nitakibeba mwenyewe.